Maktaba ya Umma ya Toronto: tathmini ya mgeni aliyefika wakati wa theluji

Wiki yangu ya kwanza Toronto, Januari 2023, nilihitaji kuchapa kurasa sita. Mwenye nyumba niliyetarajia kupanga kwake alitaka barua ya benki, nakala ya hati yangu ya ukazi wa kudumu na fomu ya maombi iliyotiwa saini, vyote kwa karatasi na vyote kabla ya jioni, nami nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu ambaye hakuwa na mashine ya kuchapa. Kwa mazoea ya Tanga nilianza kuulizia steshenari, ile ya mtaani ambako kijana hukaa na kompyuta moja na mashine ya fotokopi, ukampa simu yako naye akakutolea karatasi zako. Shangazi akanitazama kwa huruma, akasema, “Mwanangu, huku watu huenda maktaba.”

Nilidhani hakunielewa. Maktaba niliyokulia, ile ya mkoa pale Tanga iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, ilikuwa kwangu mahali pa kimya pa mwanafunzi anayekaribia mtihani, na sikuwa nimewahi kuifikiria kama mahali pa mtu mzima mwenye shida ya nyumba. Hata hivyo nilivaa koti lake, nikatembea kwenye theluji hadi tawi la Flemingdon Park, nikakuta watoto wanafanya kazi za shule, wazee wanasoma magazeti, mwanamke anamnyonyesha mtoto wake karibu na dirisha, na mlinzi anayesalimia kila anayeingia. Nilichapa kurasa zangu kwa gharama ndogo sana, nikakaa nusu saa zaidi kwa sababu palikuwa na joto na intaneti ya bure, kisha nikaondoka. Njiani ndipo nilipotambua kwamba katika wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya kwanza ya umma niliyoingia bila kuulizwa mimi ni nani, nimefika lini na nina nini mkononi.

Naandika tathmini hii kwa ajili ya Mswahili anayejiandaa kuhamia Toronto, au aliyekwisha kufika na bado anahangaika, kwa sababu mashauri tunayopeana wenyewe kwa wenyewe huwa ni ya buti, koti, laini ya simu na duka linalouza unga wa ugali, na mara chache mtu humwambia mwenzake aanzie maktaba. Mimi ninaamini kwamba anayeanzia huko huokoa miezi.

Kwanza nieleze ukubwa wa huduma yenyewe. Maktaba ya Umma ya Toronto ilifunguliwa mwaka 1884, na mfumo wake wa sasa ulitokana na kuunganishwa kwa mji huo na miji jirani yake mwaka 1998, pale ambapo maktaba za Scarborough, Etobicoke, North York na nyinginezo zilipowekwa chini ya bodi moja. Leo ina matawi 100, kuanzia lile la Yorkville la mwaka 1907, lililojengwa kwa fedha za tajiri wa Marekani Andrew Carnegie na ambalo ndilo kongwe zaidi, hadi lile la Scarborough Civic Centre lililofunguliwa mwaka 2015 na kutimiza idadi hiyo. Maana yake kwa mgeni ni nyepesi kueleweka: popote utakapopata chumba ndani ya mipaka ya Toronto, hata kama ni kile chumba cha chini ya nyumba ambacho watu wetu wengi huanzia, kuna uwezekano mkubwa kwamba tawi halitakuwa mbali, na kama ni mbali basi litafikika kwa basi moja. Katika mji ambao karibu nusu ya wakazi wake walizaliwa nje ya Kanada, wafanyakazi wa matawi hayo wamekwisha kuwaona wageni wa kila namna, na mtu hajisikii kwamba analeta jambo la ajabu anapouliza swali la mtu aliyefika juzi.

Kadi ya uanachama hutolewa bure kwa yeyote anayeishi, kufanya kazi au kusoma Toronto. Kinachotakiwa ni kitambulisho chenye jina na uthibitisho wa anwani. Hapo ndipo mgeni anaweza kukwama kidogo, kwa sababu anayefikia kwa ndugu hana bili wala mkataba wa pango wenye jina lake. Ushauri wangu ni kutosubiri mpaka anwani ipatikane ndipo uende, kwa kuwa kuingia, kukaa, kusoma na kutumia intaneti hakuhitaji kadi, na mkutubi atakuambia waraka upi kati ya ulionao unaweza kukubalika. Mimi nilipata kadi yangu siku ile niliyotia saini mkataba wa nyumba. Nilikwenda moja kwa moja kutoka kwa mwenye nyumba, nikiwa bado nimeshika funguo, na dakika chache baadaye nilikuwa mwanachama mwenye haki ya kuazima vitabu kwa majuma matatu kwa wakati mmoja. Faini za kuchelewesha zimefutwa, ingawa kitabu kilichopotea hulipiwa, na jambo hilo lina uzito kwa familia inayohesabu kila dola, kwani mzazi hawezi kumzuia mtoto asiazime vitabu kwa hofu ya deni.

Sasa nije kwenye sehemu ya huduma hii ambayo kwangu ndiyo kiini chake. Katika baadhi ya matawi kuna wafanyakazi wa mashirika ya kuwasaidia wahamiaji ambao huwa na meza yao ndani ya maktaba kwa siku maalumu, kwa ushirikiano kati ya maktaba, mashirika hayo na serikali kuu ya Kanada. Mgeni huketi nao uso kwa uso, bila malipo, na kuuliza lolote linalomsumbua. Yule niliyekutana naye alikuwa mama wa makamo ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mgeni, na kabla ya kunieleza chochote alichukua karatasi akaniuliza nimekwisha kufanya nini na bado nini. Namba ya bima ya jamii, ile ya tarakimu 9 ambayo bila hiyo huwezi kuajiriwa kihalali, nilikuwa nayo. Kadi ya afya ya Ontario, yaani bima ya matibabu ya jimbo ambamo Toronto ipo, sikuwa nayo, kwa sababu ndugu zangu walioishi huku miaka mingi waliniambia kwamba lazima mtu akae miezi 3 kwanza. Yule mama akanieleza kwamba sharti hilo liliondolewa mwezi Machi 2020 na kwamba niende kesho yake. Nilikwenda, nikasajiliwa.

Nimelitaja hilo kwa makusudi. Ndugu zetu wanaotupokea hutupenda, hutulaza kwenye vitanda vyao, hutupikia, hutuvalisha makoti yao, nami sitasahau wema wa shangazi yangu maadamu ninaishi. Lakini taarifa walizonazo ni za mwaka waliofika wao, na sheria za mji hubadilika bila kuwapigia simu. Kwa hiyo mgeni anahitaji vitu viwili kwa pamoja, jamaa wa kumfariji na mtu mwingine ambaye kazi yake ya kila siku ni kujua kanuni za sasa, na huyo wa pili mimi nilimpata maktaba. Nimeona watu wazima wenye elimu wakikaa mwaka mzima bila kutathminiwa vyeti vyao, au wakilipa mawakala fedha nyingi kwa kujaziwa fomu ambazo serikali huzitoa bure, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba kuna meza ya namna hiyo.

Lazima niseme wazi kwamba meza hiyo ina mipaka yake. Huduma za kuwasaidia wahamiaji kuanza maisha zinazolipiwa na serikali kuu hulenga zaidi wakazi wa kudumu na watu waliokwisha kutambuliwa kuwa wakimbizi, hivyo mwanafunzi wa kimataifa, mtu mwenye viza ya matembezi au yule ambaye ombi lake la ukimbizi bado halijaamuliwa anaweza kuelekezwa kwingine. Jambo hilo huniuma, maana miongoni mwa Waswahili wa Toronto, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, wapo wengi ambao mwaka wao mgumu zaidi ni huo wa kusubiri uamuzi. Lakini maktaba yenyewe haina ubaguzi huo. Rafu, viti, kompyuta, vipindi vya hadithi za watoto na wakutubi wenyewe ni vya kila aliyeingia mlangoni, na mkutubi mzuri atajua shirika gani la jirani linalohudumia mtu wa hali yako.

Kwa upande wa lugha, nilidhani sina haja ya msaada, kwa kuwa nilisoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza na nikafanya kazi ya uhasibu kwa Kiingereza cha barua na ripoti. Toronto ilinionyesha kwamba Kiingereza cha ripoti hakitoshi kumjibu fundi wa mabomba kwenye simu, wala kufahamu anachokusudia meneja anapokuambia jambo kwa upole ambao ndani yake mna katazo. Baadhi ya matawi huendesha vikundi vya mazungumzo ya Kiingereza ambamo watu kumi au kumi na watano huketi mviringo na kuzungumza kwa saa moja au zaidi juu ya mada moja, wakiongozwa na mtu mwenye subira. Nilihudhuria kwa miezi minne. Wenzangu walikuwa daktari wa meno kutoka Kabul, mama wa Kifilipino aliyekuwa akilea watoto wa watu wengine huku wake wakiwa Manila, na mzee wa Kikorea ambaye kila wiki alileta swali moja tu lililoandikwa kwenye kikaratasi. Nilijifunza namna ya kukataa kwa adabu, namna ya kudai haki yangu bila kupandisha sauti, na namna ya kueleza kazi yangu ya zamani kwa dakika mbili, jambo ambalo baadaye lilinisaidia sana kwenye usaili.

Utafutaji wa kazi ni jambo pana kuliko tathmini hii, ila nitasema kwamba nilituma maombi yangu yote kutoka kwenye kompyuta za maktaba, kwamba kwa kadi yangu nilipata kozi za mtandaoni ambazo ningezilipia kama ningezitafuta mwenyewe, na kwamba wasifu wangu wa kurasa tano, uliokuwa na dini yangu, tarehe ya kuzaliwa na picha, ulipunguzwa ukawa kurasa mbili katika warsha ya asubuhi moja. Yapo matawi yenye vitabu vya kujiandalia mtihani wa leseni ya udereva na vya mtihani wa uraia, ule wa maswali 20 ambapo mtu hufaulu kwa kupata 15. Vya udereva huwa mikononi mwa watu karibu wakati wote, na hiyo ni dalili ya nani hasa anayeishi kwenye mitaa hiyo.

Mgeni asiishie kwenye tawi lake. Karibu na makutano ya barabara za Yonge na Bloor, mahali njia mbili kuu za treni ya chini ya ardhi zinapokutana, ipo Maktaba ya Rejea ya Toronto, iliyofunguliwa mwaka 1977. Vitabu vyake vingi havitoki nje, vinasomwa humo humo, lakini hata kama hutafungua kitabu nenda ukalione jengo. Ukiingia ndani, sakafu zinapanda moja juu ya nyingine zikizunguka uwazi mkubwa, mithili ya ngazi za mashamba ya milimani, na mwanga hushuka kutoka juu mpaka unapokaa. Siku za Februari ambapo jua la Toronto huzama mapema na mtu wa Pwani huanza kuona kiza hata moyoni, nilikuwa nikienda kukaa pale kwa ajili ya mwanga huo tu. Msanifu wa jengo hilo, Raymond Moriyama, alizaliwa Vancouver kwa wazazi wenye asili ya Japani, na alipokuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Kanada ilimfungia kambini pamoja na familia yake, kama ilivyowafanyia maelfu ya watu wa asili hiyo waliokuwa raia wa nchi hiyo hiyo. Mtoto aliyefanywa mgeni katika nchi aliyozaliwa akakua akajenga mojawapo ya nyumba zinazowapokea wageni kwa heshima kubwa zaidi katika mji huu. Nilipolijua hilo, nililiangalia jengo kwa namna nyingine kabisa.

Maktaba pia hutoa pasi za bure za kuingilia makumbusho na maeneo mengine ya mji kwa wanachama wake. Pasi hizo hugombewa, nawe utahitaji kuamka mapema siku ya ugawaji na kuwa tayari kukosa. Nilipopata yangu ya kwanza nilichagua Makumbusho ya Aga Khan, yaliyoko kwa miguu kutoka Flemingdon Park, ambayo yalifunguliwa mwaka 2014. Nikiwa nasimama mbele ya misahafu ya kale, mzee mmoja wa Kiismaili aliyesikia nikizungumza na shangazi kwa simu alinigeukia akaniambia, kwa Kiswahili safi cha Pwani, “Binti, wewe ni wa Tanga au wa Mombasa?” Alikuwa ameondoka Dar es Salaam katika miaka ya sabini, wakati Waasia wengi wa Afrika Mashariki walipohama, ikiwa ni pamoja na wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na wengi wao walipata makazi Kanada. Tulikaa kwenye benchi tukazungumza juu ya mandazi, mvua za masika na feri ya Kigamboni. Nilikuwa na miezi mitano Toronto, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza Kiswahili na mtu niliyekutana naye tu.

Kwa upande wa upungufu, la kwanza na linalonigusa zaidi ni vitabu vya lugha yetu. Matawi mengi yana rafu nzima za Kichina, Kitamil, Kiurdu au Kifarsi, kufuatana na wakazi wa mtaa, lakini Mswahili asitarajie rafu ya namna hiyo. Ninaelewa kwamba maktaba hununua kwa kuangalia mahitaji, na kwa sababu hiyo hiyo ninawaomba Waswahili wa Toronto wajaze maombi ya ununuzi wa vitabu, haki ambayo kila mwanachama anayo, na wayajaze mara kwa mara. Watoto wetu wanazaliwa huku. Mtoto anayeona lugha ya mama yake haina kitabu katika nyumba yenye vitabu vya kila lugha atajifunza jambo juu ya lugha hiyo ambalo hatukumfundisha sisi. Upungufu wa pili ni kwamba vitabu vinavyovuma husubiriwa kwa wiki nyingi, na wa tatu ni saa za kufunguliwa, ambazo zimekuwa zikitofautiana kati ya tawi na tawi, hasa Jumapili, siku ambayo mfanyakazi wa zamu huenda ndiyo pekee anayopumzika. Angalia saa za tawi lako kabla ya kuvaa buti.

Nisingekuwa mkweli kama nisingetaja pia yaliyotokea mwishoni mwa Oktoba 2023, pale wahalifu wa mtandaoni walipovamia mifumo ya maktaba. Kompyuta za umma zilizimwa, katalogi ya mtandaoni haikupatikana, na vitabu vilivyorudishwa vikarundikwa kwenye matrela kwa sababu havikuweza kuingizwa kwenye mfumo. Huduma zilianza kurejea hatua kwa hatua mwanzoni mwa 2024. Kwa mtu aliyetegemea kompyuta hizo kutafuta kazi, miezi hiyo ilikuwa mizito. Lakini matawi yaliendelea kufunguliwa. Vikundi vya mazungumzo viliendelea, watoto walisomewa hadithi, na wakutubi walisimama mbele ya rafu wakitafuta vitabu kwa macho na kwa kumbukumbu. Hapo nilielewa kwamba nilichokuwa nikikitegemea zaidi pale ni watu.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa na mdogo wangu anayefika kesho, ningemwambia aende maktaba ndani ya siku tatu za kwanza, achukue pasipoti yake na karatasi zake zote kwenye bahasha moja, aulize siku ya mshauri wa wahamiaji katika tawi hilo au tawi la jirani, na aandike maswali yake kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mtu akishakaa mbele ya meza husahau nusu yake. Ningemwambia asione haya kukaa tu. Wapo watakaodhani kwamba mtu mzima aliyekaa maktaba saa nne asubuhi hana kazi, na yawezekana kweli hana kazi, lakini pale hakuna atakayemwondoa.

Mimi nilipata kazi Septemba ya mwaka ule wa kwanza, katika idara ya hesabu ya kampuni moja ya usafirishaji. Bado nakwenda Flemingdon Park kila Jumamosi. Mwezi uliopita alikuja msichana mmoja kutoka Bujumbura, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, akitafuta mahali pa kuchapa karatasi za shule za mdogo wake. Mlinzi alinijua kwa sura na kwa Kiswahili changu cha simuni, akamleta mpaka mezani kwangu.